Tuujue Mwili Wetu (4): Tumbo Linaponguruma na Linaponyamaza

Wiki iliyopita tulimwacha daktari akilitazama tumbo la mgonjwa kwa macho tu. Leo anaweka stetoskopu. Kwenye kifua angepapasa na kugonga kabla ya kusikiliza. Kwenye tumbo utaratibu hugeuzwa, kwa kuwa mikono ikitangulia kubonyeza yaweza kuuchokoza utumbo na kubadili sauti zake.

Sauti hizo hutokea misuli ya utumbo inapojikaza na kulegea, ikisukuma chakula, maji na hewa. Hata tumbo likiwa tupu kazi haisimami: takriban kila dakika 90 hadi 120 hupita wimbi la kusafisha mabaki. Muungurumo wa njaa, basi, si ugonjwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida husikika sauti 5 hadi 30 kwa dakika. Lakini hutokea vipindi vya kimya, na ndiyo maana daktari hufundishwa kusikiliza hadi dakika 5 kabla ya kuandika kwamba sauti hazipo. Wodi ikifurika, dakika 5 ni nyingi. Hata hivyo nasisitiza daktari apewe nafasi hiyo.

Kimya chenyewe chaweza kuwa kibaya kuliko kelele. Homa ya matumbo ikitoboa utumbo, uchafu humwagika ndani, tumbo hukakamaa kama ubao na utumbo hupooza. Utumbo uliojisokota huanza kwa milio myembamba, mikali, inayokuja pamoja na mkato wa maumivu. Baadaye, ukichoka au ukianza kufa, hunyamaza. Jamaa wa mgonjwa wakisikia kumetulia hudhani amepata nafuu. Ikiwa tumbo linazidi kuvimba, anatapika, wala hapati choo, hiyo si nafuu: akimbizwe hospitali.

Pamoja na hayo, masikio peke yake hayatoshi. Mmarekani Walter Cannon alieleza sauti hizi kwa makini mwaka 1905, lakini katika majaribio ya miaka ya karibuni madaktari waliosikilizishwa sauti zilizorekodiwa mara nyingi walishindwa kutofautisha utumbo mzima na ulioziba. Ndiyo maana mgonjwa hubonyezwa, hupigwa picha, na huulizwa maswali. Mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji ataulizwa na muuguzi, "Mama, umeshajamba?" Asione haya kujibu. Hewa ikitoka, utumbo umeanza kazi, na jibu lake laweza kumsaidia daktari kuliko stetoskopu.

Itaendelea: kugonga tumbo kwa vidole.