Mjue Mpinzani Wako Kabla ya Wavu Kufungwa

Wahenga walisema macho hayana pazia. Msemo huu twautumia zaidi kumtetea mtu aliyekodoa macho arusini, lakini ndio msingi wa kazi moja muhimu katika mpira wa wavu: kwenda kumtazama mpinzani akicheza kabla hamjakutana. Hapa nitaeleza kazi hiyo hufanywa vipi, na kwa nini vijana wa Jomvu Kuu twaihitaji.

Tuanze na hasara ya kutoifanya. Mashindano ya shule za upili hupanda kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti ya Mombasa, eneo la Pwani, taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Kwenye hatua za mchujo ukifungwa mara moja, umefunga virago mpaka mwaka ujao. Na kwa mchezaji aliye mwaka wa mwisho shuleni, huo mwaka ujao haupo.

Sasa timu isiyomjua mpinzani husafiri na uvumi. Basi halijafika Miritini utasikia: "Ati wana jamaa mmoja, mkono kama kasia! Akipiga, mpira watoboa mchanga!" Mwengine aongeza chumvi, wa tatu aongeza pilipili. Wakishuka basini, magoti yashalegea. Lakini mtu mwenye daftari atawaambia hivi: "Jamaa huyo yupo, ni nambari 9. Apiga kwa nguvu kweli, ila karibu kila mpira aupeleka kona ileile." Papo hapo lile jitu lageuka mtu. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kumsoma mpinzani: hofu hupungua, kwa sababu mtu huogopa zaidi asichokijua.

Je, vifaa ni vipi? Daftari, kalamu na watu wawili, mmoja wa kutazama na kutaja, mwengine wa kuandika. Timu kubwa za dunia hutumia mashine. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Masayoshi Manabe, kocha wa timu ya wanawake ya Japani, alisimama kando ya uwanja na kompyuta ndogo mkononi akisoma hesabu za mchezo, na timu yake ikarudi na nishani ya shaba. Sisi hatuna kompyuta hiyo. Lakini ilichokuwa ikihesabu ni mambo ambayo jicho huyaona: nani kapiga, kapiga wapi, nani kapokea vibaya.

Kabla ya kuandika lolote, lazima uelewe mzunguko. Uwanjani kuna wachezaji sita, watatu mbele na watatu nyuma. Kila timu inaponyakua haki ya kuanzisha mpira, yaani sevu, wachezaji wake wote huhama nafasi moja kufuata mwendo wa saa. Kwa hivyo usiseme umeiona timu moja. Umeziona timu sita. Chora visanduku sita, kila kimoja na mpangilio wake, uandike nambari za migongoni.

Kisha mtafute seta, yule mpangaji anayegusa mpira wa pili. Kama timu ina seta mmoja, akiwa safu ya nyuma wenzake watatu wa mbele wote ni wapigaji. Akiwa mbele, wapigaji wa mbele wabakia wawili, kwani mchezaji wa nyuma haruhusiwi kuvuka mstari wa mita 3 kisha akaushambulia mpira ulio juu ya wavu. Katika mipangilio hiyo mitatu, mabloka wetu wana watu wachache wa kuwachunga. Kocha akiijua mapema, aweza kuchagua tuanze na nani ili sevu yetu kali iwakute hapo.

Baada ya hapo jibu maswali manne:

1. Nani apokea sevu vibaya? Tazama pia pengo baina ya wapokeaji wawili, pale kila mmoja adhani mwenzake atauchukua.

2. Sevu zao ni za namna gani? Mechi zetu nyingi huwa muhula wa pili, kusi likivuma, na viwanja vingi havina ukuta. Andika walikuwa upande gani wa upepo, la sivyo utamsifu mtu kwa kazi ya upepo.

3. Mapigo yao huangukia wapi? Chora uwanja, utie nukta kila mpira unapoanguka. Mapigo mawili si tabia. Kumi ni tabia.

4. Mpira wa shida humwendea nani? Hili ndilo kubwa. Mapokezi yakiwa mazuri, seta ana uhuru wa kuchagua. Mapokezi yakiharibika, au seti ikifika 23 kwa 23, yeye humtafuta yule anayemwamini. Huyo ndiye wa kuwekewa bloku ya watu wawili.

Tahadhari moja: usihukumu timu wakati wa kupasha misuli moto. Hapo wavu hauna mtu wa kuzuia, na kila kijana ni dume.

Ukirudi shuleni na kurasa nane, usiwasomee wenzako zote. Mchezaji anayetoka jasho hakumbuki mambo ishirini. Kocha achague matatu, kwa mfano: "Sevu kwa nambari 4. Nambari 9 ni kona. Seta akiwa mbele, tunachunga wawili." Basi.

Swali la mwisho, ambalo wengi huuliza: je, huu si udokozi? La. Mchezo wa hadhara ni wa kila mtu kutazama. Ketini mahali pa wazi, wasalimieni wenyeji, wala msifiche daftari. Lakini kujibanza dirishani kusikiliza kocha wao akizungumza na vijana wake, au kumrubuni mwanafunzi wao atoe siri, huo ni wizi. Macho hayana pazia, lakini mlango wa mtu hubishwa hodi.

Na tusisahau kuwa nao wana macho. Kwa hivyo kabla ya msimu, wawili wakae na daftari watutazame sisi wenyewe: mpira wetu wa shida humwendea nani? Kama jibu ni mtu mmoja tu siku zote, wapinzani washalijua, na tuna kazi ya kufanya mazoezini.

Hapa naweka kalamu chini. Anayetaka kuichukua, daftari liko kwa kocha.