Saiba ya Mtaani Ianze Kusasishwa

Mlaleo, Mtongwe au Magongo, mwenye shida ya ritani za KRA, cheti cha mwenendo mwema au mkopo wa HELB huishia saiba. Kitambulisho kinaskaniwa, neno la siri la eCitizen linatajwa kwa sauti mbele ya foleni, na nakala zinabaki kwenye mashine ile baada ya mwenyewe kuondoka. Ndiyo maana nikiulizwa programu gani ya kusasisha, naanzia kwenye mashine za saiba kabla ya simu ya anayeuliza.

Nyingi ya mashine hizo bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itawaka na kuchapisha kama kawaida, lakini tundu litakalogunduliwa baada ya siku hiyo kwa kawaida halizibwi. Hatari yake tuliiona Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu vililopitia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Kuhamia Windows 11 ni bure, ila inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mitumba hazifiki hapo. Mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, akahifadhi mipangilio yake huko, apate viraka vya usalama vya Windows 10 bila malipo hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mwenye saiba ningemshauri aweke Linux Mint kwenye mashine kuukuu: haina gharama, inakuja na Firefox na LibreOffice, na inaendelea kupata viraka. Abakishe mashine moja ya Windows 11 kwa fomu za Excel zinazogoma kwingine.

Ofisi za kliaringi za Changamwe zina hatari yao. Ankara na hati za shehena huja kwa barua pepe zikiwa zimefungashwa, na wengi huzifungua kwa WinRAR iliyowekwa miaka iliyopita. WinRAR haijisasishi yenyewe. Mwaka 2025 wadukuzi walitumia tundu lake kupenyeza programu za kijasusi kupitia mafaili yaliyojifanya maombi ya kazi. Toleo la 7.13, lililotoka mwisho wa Julai mwaka huo, ndilo lililoliziba. Lolote la chini ya hapo liondolewe leo.

Kwenye simu, GB WhatsApp, toleo lisilo rasmi la WhatsApp, ndiyo inayoniudhi zaidi. Inasambazwa mkono kwa mkono, haimo Play Store, na anayeitengeneza hajulikani. Mei 2019 WhatsApp halisi ilikutwa na tundu lililoruhusu kupandikiza programu ya kijasusi kwa kupiga simu tu, hata isipopokelewa. Waliokuwa na toleo rasmi walipata dawa kwa kusasisha. Wa GB anamngoja nani?

Najua jibu la wengi: apdeti zinakula bando. Ni kweli, na bando ni pesa. Play Store ina mpangilio wa kusasisha kwenye Wi-Fi pekee. Uuwashe, kisha uende mahali penye Wi-Fi unayoiamini. Kwa saiba yenye mashine kadhaa za Windows 11, kuna huduma iitwayo Delivery Optimization, inayoruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja kugawana kilichokwisha kupakuliwa, kwa hiyo mashine nane hazilazimiki kuvuta mzigo ule ule mara nane. Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu. Usiku huo mwenye saiba afunge mlango, aache mashine zikiwaka.