Dawa za Uchungu wa Kuzaa

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni uchungu. Si ule wa shubiri, bali ule wa kuzaa.

Tuseme mama mmoja wa Ikola ameshikwa na uchungu tangu jana, na mtoto hajatoka. Mama mkwe anachemsha mizizi ili kuuharakisha. Je, mizizi ina nguvu? Naam, mara nyingine ina nguvu kweli. Ng'ambo ya ziwa, mbali ndani ya Kongo, katika miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata. Akauchunguza, akakuta ndani yake kitu kinachokaza tumbo la uzazi. Taabu yake ni kipimo. Kikombe hakisemi kina nguvu kiasi gani, na kikishanywewa hakirudi.

Dawa ya hospitali huitwa oksitosini. Mwili wenyewe huitengeneza, na tezi ndogo chini ya ubongo huimwaga katika damu. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda katika maabara. Huanzisha uchungu, au huutia nguvu ukilegea. Hapo hutiwa katika dripu, tone kwa tone, mkunga akihesabu mikazo na kusikiliza moyo wa mtoto. Kwa nini tone kwa tone? Kati ya mkazo na mkazo mtoto hupata hewa, kama mpiga mbizi aliyeibuka. Mikazo ikifuatana bila nafasi, mtoto hukosa hewa, na tumbo la uzazi laweza kupasuka. Dripu hufungwa mara moja, sindano haifungiki. Basi mtu akija nyumbani na sindano ya kuharakisha, mtoto angali ndani, mkataeni.

Mtoto akiisha kutoka, mambo hugeuka: sindano moja ya yuniti 10 huzuia damu nyingi. Lakini dawa hii hutaka baridi, digrii 2 hadi 8. Ndugu wa kamati ya zahanati, ulizeni habari za friji.

Na uchungu ukija mimba ikiwa ya miezi saba? Ipo nifedipini, ambayo pia ni dawa ya shinikizo la damu. Huutuliza kwa siku mbili hivi, si zaidi sana. Siku hizo ni za kumfikisha mama hospitali ya Mpanda, apigwe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Sasa someni kwa sauti: u-chu-ngu, m-ka-zo, to-ne.