Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Kusini ya mji wa Mbarara, katika nchi ya Ankole nchini Uganda, kando ya ziwa Nakivale, yako makazi ya wakimbizi yenye jina la ziwa hilo. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Lakini miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi wa Rwanda, waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959, nchi yao ilipokuwa ingali chini ya Wabelgiji. Yaliyofuata yafaa kufikiriwa na kila askari mwenye wajibu wa kulinda mpaka.

Wabelgiji walikuwa wamewatumia watawala wa Kitutsi kwa miaka mingi. Uhuru ulipokaribia waligeuka, wakawaunga mkono wapinzani wa watawala hao. Mwaka 1961 ufalme ulikataliwa kwa kura, na Mwami Kigeri wa Tano akabaki uhamishoni. Ndipo baadhi ya wakimbizi waliposhika silaha ili warudi kwao kwa nguvu. Wakaitwa Inyenzi, maana yake mende.

Februari na Machi 1962, miezi michache kabla Rwanda haijapata uhuru, vikundi vidogo kutoka Uganda vilishambulia Byumba na kuua polisi na watumishi wa serikali. Washambuliaji walirudi walikotoka. Waliobaki kukabiliwa na hasira ni Watutsi wa vijijini, ambao hawakuvuka mpaka wala kushika bunduki. Kwa siku mbili, Machi 26 na 27, waliuawa kati ya watu elfu moja na elfu mbili, wanawake na watoto wakiwamo, na nyumba zao zikachomwa.

Shambulio kubwa zaidi lilikuja Desemba 21, 1963. Kikosi kilivuka kutoka Burundi, kikateka kambi ya jeshi ya Gako pamoja na silaha na magari, kikafika Nyamata. Kilisimamishwa kwenye daraja la Kanzenze, katika mto Nyabarongo, si mbali na Kigali. Wengi walibeba pinde na mikuki. Mbele yao walisimama askari wenye silaha za kisasa, wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji. Wenzao wa Uganda, waliotazamiwa kushambulia wakati uleule, walichelewa kwa siku kadhaa, nao wakarudishwa. Jeshi lisilo na mawasiliano hupigwa kipande kipande.

Kijeshi, mambo yalikwisha pale darajani. Lakini kisasi kilikuwa hakijaanza. Viongozi wa siasa wa Kitutsi wapatao ishirini waliuawa Ruhengeri bila kuhukumiwa na mahakama. Huko Gikongoro maelfu ya raia waliuawa, mbali kabisa na uwanja wa vita.

Waliofanya hayo walidhani wamemaliza vita. Kumbe walikuwa wameiahirisha. Wakimbizi wapya walijaa makambini, na watoto wakakua wakisimuliwa habari za waliouawa. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi waliokuwa na mashamba na mifugo katika wilaya ya Mbarara walifukuzwa, wakasukumwa Nakivale na makazi mengine. Oktoba 1, 1990, watoto hao wa kambini, sasa wakiwa askari hodari waliopata mafunzo katika jeshi la Uganda, walivuka mpaka Kagitumba. Kiongozi wao, Fred Rwigyema, alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Ankole. Na mwaka 1994, redio ya wachochezi mjini Kigali ililitumia tena neno lile la Inyenzi, safari hii kwa kila Mtutsi, hata mtoto mchanga. Waliouawa walizidi laki nane.

Ni haki ya askari kumrudisha nyuma anayevuka mpaka na silaha. Hiyo ndiyo kazi aliyoapa kuifanya. Ni wajibu wake pia kuhakikisha kwamba kambi ya wakimbizi haigeuzwi kambi ya jeshi. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulitaka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka. Lakini risasi ya mwisho ikishalia darajani, kazi yake inayofuata ni kumlinda raia asiye na silaha, hata kama ni ndugu wa aliyeshambulia. Askari anayeshindwa kazi hiyo huwaachia watoto wake vita ambayo yeye alidhani ameishinda.