Tovuti Inaonekana Nyabugogo, Ofisini Haipo

Kampuni ina ofisi Kacyiru, Kigali, ina wafanyakazi wa kutosha na tovuti mpya iliyotengenezwa kwa gharama. Mteja aliyeko Musanze anaifungua bila shida. Dereva aliyeegesha gari Nyabugogo anaifungua kwa simu yake. Mkurugenzi, aliyekaa mezani pake ofisini, anaandika jina lile lile kwenye kivinjari na kuambiwa ukurasa haupatikani. Anampigia aliyetengeneza tovuti, naye anajibu kwa nia njema kwamba kwake iko sawa. Anampigia mtoa huduma wa intaneti, naye anasema laini ni nzima. Wote wawili wanasema kweli, na mkurugenzi bado haoni tovuti yake.

Hakuna kilichoharibika hapo. Kila mtambo umefanya kazi yake kama ulivyoelekezwa, ndiyo maana kila anayetafuta kitu kibovu cha kutengeneza hukikosa. Tatizo ni kwamba jina moja limepewa kazi mbili, na aliye ndani ya ofisi anajibiwa na kazi isiyo ile aliyoiulizia.

Tulipe jina hilo kampuni.co.rw, kwa mfano tu. Kazi yake ya kwanza ni ile anayoijua kila mtu: jina la tovuti, limesajiliwa, limelipiwa ada ya mwaka, limeandikwa kwenye kadi za biashara na ubavuni mwa gari. Kazi ya pili haionekani. Ofisi inapokua, huwekwa seva ya kuwatambua wafanyakazi wanapoingiza nywila asubuhi, kugawa ruhusa za mafaili na kuelekeza printa. Mara nyingi mfumo wenyewe ni Active Directory wa Microsoft, uliokuja na Windows 2000. Mfumo huo hauwezi kuishi bila DNS, yaani utaratibu wa kugeuza majina kuwa anwani za namba ambazo kompyuta huzitumia kutafutana. Siku ya kuuweka, fundi anaulizwa: kikoa chako kiitwe nani? Fundi anaandika jina la kampuni. Ni jibu la kawaida kabisa, na matatizo yote yanayofuata humu yametokana na jibu hilo.

Ili kuona kwa nini, turudi nyuma kidogo. Kabla ya DNS, majina ya kompyuta zote za mtandao wa utafiti wa Marekani yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, na kila kituo kilichukua nakala yake. Mtandao ulipokua faili lile likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha utaratibu mwingine: orodha igawanywe, kila sehemu ya jina iwe na mwenyewe, na jibu la mwenyewe ndilo la mwisho. Kanuni tunazotumia hadi leo ziliandikwa upya mwaka 1987.

Kwa Rwanda mgawanyo huo unaeleweka haraka, kwa sababu unafanana na utawala wenyewe. Ukimtafuta mtu usiyemjua, wilaya itakuelekeza kwenye sekta, sekta ikupeleke kwenye seli, na seli ikufikishe kwa mkuu wa mudugudu, ambaye ana daftari la kaya zake. Daftari hilo halirudishi mtu juu. Kama jina halimo, mkuu wa mudugudu hasemi "jaribu kuuliza sektani". Anasema hapa hayupo, na shughuli imeishia hapo. Seva ya DNS ya ofisini, ikishaambiwa kwamba inamiliki kampuni.co.rw, inajibu vivyo hivyo. Ukiiuliza habari za tovuti ya benki au gazeti, haina daftari lake, kwa hiyo inapeleka swali nje na kukurudishia jibu. Ukiiuliza www.kampuni.co.rw, inafungua daftari lake yenyewe, haioni www, na inakujibu bila kusita kwamba jina hilo halipo. Haitoki nje kuuliza, kwa kuwa kwa hesabu yake hakuna mwingine wa kuulizwa.

Huko nje kuna daftari jingine la jina hilo hilo. Anayeuliza kutoka Musanze huanzia kwenye seva za mzizi wa intaneti, zinazomwelekeza kwa wasimamizi wa .rw. Jina hilo la nchi lina usimamizi wa nyumbani, RICTA, iliyokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2012. Kutoka .rw anapelekwa kwenye seva za kampuni iliyopangisha tovuti, na mara nyingi seva hizo ziko Ulaya au Marekani. Mwaka 2015 shirika la Internet Society lilitoa utafiti kuhusu Rwanda ulioonyesha kwamba tovuti nyingi za nchi hii zilikuwa zinakaa ughaibuni, kwa sababu huko upangishaji ulikuwa nafuu zaidi. Ni kinaya fulani hiki, maana Kigali ina kituo chake cha kubadilishana data, RINEX, tangu mwaka 2004, ili barua pepe kutoka Remera kwenda Kimihurura isilazimike kwanza kuvuka bahari. Kwa suala letu, hata hivyo, umbali hauna neno. Tovuti ingekuwa kwenye seva ya Kigali yenyewe, nje ya ofisi, mkurugenzi angeikosa vilevile.

Namna ya kuthibitisha ugonjwa ni rahisi. Chukua simu ndani ya ofisi, fungua tovuti ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, kisha zima Wi-Fi uifungue kwa bando lako. Ikikataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili, dalili tayari unayo. Uthibitisho uko kwenye kompyuta: fungua kidirisha cha amri na uandike nslookup www.kampuni.co.rw. Mistari ya juu inakutajia nani amejibu, tuseme 192.168.1.10, ambayo ni seva ya ofisini. Chini yake utaona jibu kwamba jina halikupatikana. Sasa rudia amri hiyo ukiongeza 8.8.8.8 mwishoni, maana yake umuulize Google badala ya seva yenu. Akikupa anwani, kwa mfano 203.0.113.25, kazi ya uchunguzi imekwisha. (Namba hizo za 203.0.113 zimetengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuzitafuta.) Usijaribu kupima kwa kuandika namba yenyewe kwenye kivinjari. Seva moja ya kupangisha inaweza kubeba mamia ya tovuti kwenye anwani moja, nayo hujua unayoitaka kwa jina uliloliandika. Ukiipa namba tupu itakuonyesha ukurasa wa mtu mwingine au wa makosa, nawe utadhani tovuti ndiyo mbovu.

Tiba ya kwanza haichukui hata dakika tano. Kwenye seva ya ofisini fungua programu ya kusimamia DNS, ingia kwenye zoni ya kampuni.co.rw, yaani daftari lenyewe, ongeza rekodi mpya ya aina ya A, jina www, anwani 203.0.113.25. Kwenye nafasi ya jina andika www peke yake. Ukiandika jina zima, programu itaongeza kikoa nyuma yake na utakuwa umetengeneza www.kampuni.co.rw.kampuni.co.rw, jina ambalo hakuna atakayelitafuta. Kisha nenda kwenye kompyuta iliyolalamika na uandike ipconfig /flushdns, kwa kuwa kompyuta hukumbuka kwa muda hata jibu la "halipo". Funga kivinjari ukifungue upya. Kama mwenye kupangisha amekupa jina badala ya namba, weka rekodi ya CNAME inayoelekea kwenye jina hilo. Hiyo ni bora zaidi, maana yeye akibadili namba zake nyinyi hamna la kufanya.

Wengi huishia hapo na kushangilia, kisha simu inalia tena. Mkurugenzi ameandika kampuni.co.rw bila www, na haifunguki. Hapa pana ugumu wa kweli. Jina tupu la kikoa, ndani ya Active Directory, ni mali ya seva zinazowatambua wafanyakazi. Kila moja hujiandikisha hapo yenyewe, na ukiifuta rekodi yake itajirudisha. Fundi mwenye haraka huongeza anwani ya tovuti pembeni ya rekodi hizo. Matokeo yake seva inatoa anwani hizo kwa zamu: mara tovuti inafunguka, mara haifunguki, na vibaya zaidi, kompyuta inayotaka kusoma sera za ofisi inatumwa kwenye seva ya tovuti huko Ujerumani, ambayo haijui lolote kuhusu wafanyakazi wenu. Asubuhi watu wanaingia kwa kusuasua na hakuna anayeunganisha jambo hilo na tovuti.

Wengine huweka programu ya tovuti juu ya seva ile ile inayotunza nywila za ofisi nzima, ili imrushe anayeuliza kwenda kwenye www. Inafanya kazi. Mimi siipendi hata kidogo: unaongeza mlango kwenye chumba cha kuhifadhia fedha ili watu wasihangaike kuandika herufi tatu. Ndani ya ofisi, watu waandike www, na kiungo sahihi kiwekwe kwenye vivinjari vyao. Basi.

Lakini angalia tovuti yenyewe inajiitaje. Ziko tovuti nyingi, hasa za WordPress, zilizowekwa ili anayekuja na www asukumwe kwenye jina tupu. Rekodi yako ya www itakuwa sahihi kabisa, kivinjari kitafika kwenye tovuti, kitaambiwa "nenda kampuni.co.rw", na hapo kitarudi mikononi mwa seva ya ofisini na kugonga ukuta. Mwambie mtengeneza tovuti aweke jina lenye www kuwa ndilo rasmi. Ni badiliko dogo kwenye mipangilio, ila asipoambiwa sababu atakuona msumbufu.

Usisahau ndugu zake www. Barua pepe zikiwa kwa mpangishaji, majina kama mail, webmail na autodiscover nayo hayamo kwenye daftari la ndani, na ndiyo maana Outlook hukataa ofisini na kukubali nyumbani. Pata orodha kamili ya rekodi kutoka daftari la nje, kaa nayo mezani, hamisha moja moja zile ambazo wafanyakazi wanazihitaji.

Kuna dawa mbili za mtaani ambazo ni heri uzijue ili uzikatae. Ya kwanza ni kuweka 8.8.8.8 kuwa DNS ya pili kwenye kila kompyuta. Kompyuta haiendi kwa wa pili kwa sababu jibu la wa kwanza halikuipendeza. Huenda pale tu wa kwanza asipojibu. "Halipo" ni jibu. Siku seva ikichelewa, kompyuta itahamia kwa Google, ambaye hazijui printa zenu wala seva ya mafaili, na sasa una matatizo mawili. Ya pili ni kuandika anwani kwenye faili la hosts la kila kompyuta, mjukuu wa lile faili la kabla ya 1983. Kwenye kompyuta moja, kwa majaribio, sawa. Kwenye zote, utakuwa umepanda makosa ambayo mrithi wako atayavuna tovuti itakapohama.

Kwa anayeanza ofisi leo njia ni nyeupe. Kikoa cha ndani kisiwe jina tupu la kampuni. Chukua tawi lake, kwa mfano ndani.kampuni.co.rw: jina ni lenu, hakuna atakayewapokonya, na daftari la ndani halitajifanya linamiliki www. Miaka ya nyuma mafundi walifundishwa kutumia .local, lakini tangu mwaka 2013 jina hilo limetengwa kwa kazi nyingine, ya vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao mdogo, na huleta mikanganyiko. Mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani, nalo halitauzwa kwa yeyote kwenye intaneti. Baina ya .internal na tawi nachagua tawi, kwa kuwa ukihitaji cheti cha usalama kinachotambulika na kila kivinjari unaweza kukipata kwa jina mnalolimiliki kihalali. Ofisi iliyokwisha kujenga juu ya jina tupu isikurupuke kulibadili: kubadili jina la Active Directory inayofanya kazi ni mradi wa wiki nyingi, na rekodi ya www ni nafuu mno ukilinganisha.

Nafuu hiyo ina sharti moja. Madaftari sasa ni mawili na hayasomani. Siku mpangishaji atakapobadilika, aliyeihamisha tovuti atarekebisha daftari la nje, dunia nzima itaona tovuti mpya, na ofisi itaendelea kutumwa kwenye seva ya zamani. Kwa hiyo wewe unayesaini mikataba, weka humo mstari mmoja: mtengeneza tovuti ampe taarifa ya maandishi mtu wa TEHAMA wa ofisi, pamoja na anwani mpya, kabla ya kuhamisha chochote. Na kama hujui mtu huyo ni nani, muulize leo aliyeweka seva yenu ni jina gani aliloliandika siku ile.