Je, Wajua? Kodi ya Ardhi Jijini Nairobi

Kodi ya ardhi ya Nairobi, ambayo ni malipo ya kila mwaka kwa serikali ya kaunti, ilikadiriwa kwa thamani ya kiwanja kitupu pasipo kuhesabu jengo lililojengwa juu yake, hivi kwamba ghorofa na uwanja wenye magugu, vikilingana kwa ukubwa na mahali, vilitozwa sawa. Thamani hizo huandikwa katika daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya viwanja vinavyotozwa, na la mwaka 1982 lilitumika kwa zaidi ya miaka 35, muda mrefu mno kwa jiji ambalo bei zake za ardhi zilipanda sana.

Kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya Kenya, Sura ya 266, iliyosimamia makadirio hayo kwa miongo mingi, mlalamikaji alipewa siku 28 tangu kutangazwa kwa rasimu ya daftari ili awasilishe pingamizi la maandishi, hata kuhusu kiwanja cha jirani kilichoachwa nje ya daftari. Shauri lilisikilizwa na mahakama ya uthamini, na asiyeridhika alikata rufaa katika Mahakama Kuu.