Fahamu: Kujifungua salama vita vinapoingia mjini
Mapigano yalipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, umeme na maji vilikatika. Uchungu wa uzazi haungoji bunduki zinyamaze. Ndiyo maana UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, huandaa vifurushi vya dharura mapema: mjamzito hupewa sabuni, shuka la plastiki, wembe mpya na uzi wa kufungia kitovu; vituo vya afya hupata dawa na vifaa vya wakunga.

Kati ya dawa hizo, inayonitia hofu zaidi ni oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likizimika, nguvu yake hupungua, na mama anayevuja damu anaweza kufariki ndani ya saa chache. Kwa hiyo jokofu la sola nalo ni kifaa cha uzazi. Lisipokuwepo, wakunga hutumia vidonge vya misoprostoli, visivyohitaji ubaridi.